Koti la Anayesubiri Basi

Kuna ishara moja ninayoitafuta kila inapofika zamu ya maonyesho ya mavazi ya baridi, na haijawahi kunikosesha. Mwanamitindo anatokea nyuma ya pazia, koti refu la sufu linamfika kwenye vifundo vya miguu, na mkono wake mmoja umezikamata pande mbili za koti hapo kifuani. Anatembea hivyo mpaka mwisho wa jukwaa, anageuka, anarudi, na mkono bado uko palepale. Picha yake inapendeza, sikatai. Ni ishara ya zamani pia; picha za makoti ya miaka ya 1950 zimejaa mikono ya namna hiyo. Lakini mimi kila nikiiona huuliza swali la fundi: kifungo kiko wapi?

Koti lisilofungika ni koti la mtu mwenye mkono mmoja wa ziada. Hajabeba mtoto, hajashika mfuko, hana bomba la kujishikiza ndani ya gari la abiria. Ndiyo maana nikitazama mikusanyiko ya mavazi ya wanawake ya msimu wa baridi, yale majina makubwa ya Paris na Milan, swali langu la kwanza halihusu rangi wala umbo. Nauliza hivi: hili ni koti la mwanamke anayesubiri basi, au la mwanamke ambaye gari linamsubiri yeye?

Nguo za joto sina ugomvi nazo, ila hazinipi kazi ya kufikiri. Gauni la kiangazi likikosewa, mvaaji atachukiza macho kwa mchana mmoja, basi. Koti likikosewa, mvaaji ataumwa kifua. Baridi ni mteja mkali, haina adabu kwa mbunifu mwenye jina.

Tatizo ni kwamba baridi haipati nafasi ya kusema mapema. Mikusanyiko ya majira ya majani kupukutika na ya baridi huonyeshwa Februari na Machi, New York kwanza, kisha London, Milan na Paris. Mavazi yanayoshonwa kwa kipimo cha mteja mmoja mmoja huonyeshwa Paris mwezi Julai. Nguo za madukani nazo huanza kuingia Julai na Agosti, wakati Ulaya nzima inatokwa jasho. Mnunuzi analijaribu koti akiwa na kandambili miguuni. Koti linafaulu mbele ya kioo, na mtihani wenyewe bado uko miezi mitatu mbele.

Tuanze na mkubwa wao. Cristóbal Balenciaga, katika majira ya baridi ya 1961, alitoa koti lenye mshono mmoja tu. Kitambaa kimoja kipana kilikatwa na kukunjwa kwa akili ya ajabu hadi kikawa mgongo, mikono na mbele, halafu kikaunganishwa mahali pamoja. Mtu yeyote aliyewahi kushika mkasi akakabiliana na kitambaa kizito cha sufu anajua huo ni ujasiri wa namna gani. Namheshimu kuliko wabunifu wengi walio hai. Hata hivyo, tazama makoti yake kwa jumla: kola imesimama mbali na kisogo ili shingo ionekane ndefu, na mikono imekomea juu ya kifundo ili bangili na glavu zionekane. Kisogo na vifundo vya mikono ndizo sehemu mbili ambazo upepo huzikimbilia kwanza! Yale ni makoti ya mwanamke anayetoka mlangoni, anavuka ngazi tano, anaingia garini. Kwa safari hiyo hakuna koti bora zaidi duniani.

Upande wa pili kuna koti la Max Mara lenye namba 101801. Hata jina halikupewa, likabaki na namba yake ya kiwandani. Lilibuniwa mwaka 1981 na Mfaransa Anne-Marie Beretta, kwa kitambaa cha sufu iliyochanganywa na kashmiri, na bado linatengenezwa mpaka leo. Mikono yake mipana imekatwa kwa mtindo wa kimono, kwa hiyo unaingiza ndani sweta nene au hata jaketi la suti bila kupigana nalo. Vifungo viko safu mbili, na ukilifunga, kifua kinapata tabaka mbili za sufu badala ya moja. Kingo zake zimezungushiwa mshono wa nukta nukta ambao unauona ukisogea karibu tu. Ni koti linalochosha kulitazama, na hiyo kwangu ni sifa. Achille Maramotti alipoanzisha kampuni hiyo huko Reggio Emilia mwaka 1951, wateja aliowalenga walikuwa wake za madaktari na mawakili wa mji wake, watu wa kipato kizuri ambao hata hivyo walitembea kwa miguu kwenda sokoni. Bei yake leo ni ya watu wa gari, naijua, lakini akili iliyolikata ilikuwa akili ya mtembea kwa miguu.

Kampuni hiyohiyo ilipata bahati Desemba 2018, pale mwanasiasa Nancy Pelosi alipotoka Ikulu ya Marekani baada ya kubishana na Donald Trump, amevaa miwani ya jua na koti jekundu la Max Mara. Lilikuwa koti la miaka kadhaa nyuma, lililokwisha kutoka madukani. Watu waliliulizia kwa kelele kiasi kwamba kampuni ikalirudisha. Hakuna aliyeuliza msimu wake. Kila mwaka tunaambiwa koti la mwaka jana limekufa, kisha koti la zamani linatoka mlango mmoja tu na kuyafunika maonyesho yote ya mwaka huo.

Sasa nifike kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote, ile ya matandiko. Baridi ikizidi kabisa, binadamu hufanya jambo moja: huvuta alichojifunikia kitandani na kujitanda nacho. Wabunifu wachache walikuwa na ujasiri wa kukiri hivyo. Mwaka 1937 Charles James alishona jaketi la satini nyeupe lililojazwa manyoya laini ya bata, mistari yake imevimba kila upande, jaketi la kuvaa juu ya gauni la jioni. Sasa liko katika makumbusho ya V&A mjini London. Ukiliangalia leo unaona babu wa jaketi zote za kuvimba zilizojaa mitaani, ila huyu babu alizaliwa kwenye karamu. Miaka ya 1970 Norma Kamali, aliyekuwa ametoka kuachana na mumewe, akaenda kupiga kambi. Usiku wa baridi alipotaka kwenda haja alijifunga mfuko wake wa kulalia na kukimbia porini, na huko mbioni akapata wazo la koti. Alilitengeneza kweli. Hakuna hadithi ya asili ya vazi ninayoiamini kama hii, kwa sababu haina ushairi hata kidogo: mtu alibanwa na haja, na nje kulikuwa na baridi.

Halafu akaja Martin Margiela. Katika mkusanyiko wake wa baridi ya 1999 alichukua mfarishi, ule mnene wa kitandani, akautia mikono inayoweza kutolewa, akaumwaga mabegani mwa wanamitindo. Ulikuwa na foronya zake za kubadilisha, za kitambaa cha mashuka, kama kitanda kinavyobadilishiwa. Nacheka kila nikiuona, kisha kicheko kinakatika, maana hakuna mzaha pale. Anayetoka asubuhi ya giza kwenda kazini hataki kutoka kitandani. Margiela akamwambia, basi toka nacho. Mwaka 2012 duka la H&M lililitoa tena koti hilo katika ushirikiano wao, kwa bei ambayo watu wa kawaida wangeweza angalau kuijadili, na nadhani hapo ndipo lilipofika kwa wenyewe.

Wengine walioifuata njia hiyo walinigawa. Junya Watanabe mwaka 2009 aliyachukua majaketi meusi yaliyojazwa manyoya akayabana, akayakunja na kuyapa viuno na mabega mpaka yakawa na heshima ya mavazi ya jioni. Pale nilivua kofia. Pierpaolo Piccioli, Februari 2018, aliishonea Moncler magauni ya kuvimba yaliyofika chini kabisa, yenye kofia zilizowafanya wanamitindo wafanane na watakatifu wa michoro ya makanisani. Mwaka uliofuata akamwita Liya Kebede, mwanamitindo wa Ethiopia mwenye kampuni ya lemlem, na mapambo ya Ethiopia yakaingia kwenye yale magauni. Rangi zile! Nilizitazama mchana kutwa. Ila mvaaji wake hawezi kukaa kwenye kiti cha basi, na akikaa, jirani yake itabidi asimame. Kwa Moncler, kampuni iliyozaliwa mwaka 1952 karibu na Grenoble ikitengeneza vitu vya milimani, naona ni safari ndefu ya kutoka kwenye manufaa kwenda kwenye madhabahu.

Kisha kuna theluji ya jukwaani. Wabunifu wakiishiwa la kusema na nguo, huleta hali ya hewa. Mwaka 2010 Chanel, enzi za Karl Lagerfeld, iliingiza ndani ya jumba la Grand Palais mjini Paris mlima wa barafu halisi kutoka Sweden, ulioripotiwa kuwa na uzito wa tani 265, na wanamitindo wakapita kwenye maji yaliyoyeyuka wakiwa wamevaa manyoya bandia kuanzia viatu mpaka kola. Manyoya ya uongo, barafu ya kweli. Lagerfeld alikuwa na ucheshi wake, na nakiri mkusanyiko ule unanifurahisha kuliko unavyonishawishi. Mwaka 1999 Alexander McQueen alikuwa amejenga London sanduku kubwa lenye kuta za kuonyesha, ndani yake miti mitupu, theluji ikidondoka na sakafu ya barafu ambayo watu waliteleza juu yake. Pale baridi ilikuwa na kitisho. Sweta nene, sketi pana, na katikati yake ile koseti, vazi la kubana kiwiliwili, ya aluminiamu iliyotengenezwa na sonara Shaun Leane, pete juu ya pete kutoka kiunoni hadi shingoni, mtu amefungiwa ndani ya chuma chenye ubaridi wake chenyewe. Silipendi vazi hilo. Sijalisahau pia.

Theluji iliyonichanganya zaidi ni ya Balenciaga, tarehe 6 Machi 2022, nje kidogo ya Paris. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza Februari 24. Demna, mbunifu wa Balenciaga wakati huo, aliyekimbia Abkhazia huko Georgia na familia yake akiwa mtoto mwaka 1993, alikuwa amepanga onyesho la theluji ya bandia kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Vita vikalibadilisha maana kabla halijaanza. Kila kiti kiliwekewa fulana yenye rangi za bendera ya Ukraine, shairi la Kiukraine likasomwa kwa sauti yake, na nyuma ya kioo wanamitindo wakapambana na upepo, wameinama, viatu vikizama, mikononi wamebeba mifuko ya ngozi iliyotengenezwa ifanane na mifuko ya taka. Kwa mara ya kwanza nikaona jukwaa la nguo za baridi ambapo mtembeaji alionekana kweli anasikia baridi. Koo lilinikaza. Kisha mfuko uleule ukaingia madukani kwa dola 1,790, na koo likaachia, hasira ikachukua nafasi. Mpaka leo sijaamua ni kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa onyesho lenyewe. Siwezi kusema Demna aliigiza. Aliyekimbia ni yeye. Lakini anayekimbia na mfuko wa plastiki hana chaguo la ngozi, na mfuko ule ulimsahau.

Nikilinganisha na Hussein Chalayan, naona jambo hilihili lilivyoweza kufanywa kwa sauti ya chini zaidi. Februari 2000, katika ukumbi wa Sadler's Wells mjini London, alipanga sebule nyeupe yenye viti vinne na meza ya mbao ya duara. Chalayan alizaliwa Nicosia, Cyprus, kisiwa kilichogawanywa mwaka 1974 na watu wakaacha nyumba zao. Mwishoni mwa onyesho wanamitindo wakavua vifuniko vya viti wakavivaa vikawa magauni, viti vikakunjwa vikawa masanduku ya safari, na wa mwisho akaingia katikati ya meza, akaipandisha, ikawa sketi ya mbao ya pete pete. Sebule ikabaki tupu. Hakuna theluji hata chembe moja, na hakuna kitu cha kununua, maana nani atapanda basi na meza kiunoni? Hapa swali langu la basi linashindwa kabisa kufanya kazi, na nalikubali lishindwe. Wale wanawake hawasubiri usafiri wa aina yoyote. Wanaondoka na kilichopo.

Mfuko wa wasafiri maskini uliwahi kuwa koti pia. Phoebe Philo, katika mkusanyiko wake wa Céline wa baridi ya 2013, alitoa makoti na sketi zenye miraba ya nyekundu, bluu na nyeupe ya ule mfuko mkubwa wa plastiki wa kusuka, wenye zipu juu, ambao duniani kote hubeba mali za watu wanaohama. Afrika Magharibi unaitwa Ghana Must Go, jina lililotokana na kufukuzwa kwa Waghana kutoka Nigeria mwaka 1983. Louis Vuitton walishautumia mchoro wake miaka michache kabla, kwenye mkoba, kwa mzaha uliochosha. Philo yeye aliuhamisha kwenye sufu nzito, akaukata kwa unyoofu, bila nembo na bila kukonyeza jicho. Kuna wanaosema ni kejeli ileile. Nimewasikia na nawaelewa, lakini mimi nasimama na Philo, kwa sababu moja ya kifundi: makoti yale yalikuwa na kola ya kufunika shingo, mifuko mirefu ya kuingiza mikono yote, na upana wa kutosha sweta mbili. Aliyeukata mfuko ule kuwa koti alimfikiria mtu atakayelivaa nje.

Prada nayo ina tabia ya kunikera na kunishinda kwa pamoja. Februari 2023 Miuccia Prada na Raf Simons walitoa sketi nyeupe zilizojaa maua ya kukunjwa kwa kitambaa, sketi za harusi hasa, halafu juu wakaweka sweta la kijivu la kawaida kabisa, lile ambalo ungelivaa kwenda kuchota mafaili ofisini. Niliposoma kwamba walikuwa wakifikiria kazi za watu wanaohudumia wengine, na sare zao, nikaelewa lile sweta. Harusi ni siku moja, sweta ni siku zilizobaki. Miaka miwili kabla, kwa chapa yake nyingine ya Miu Miu, Bi Prada aliwapeleka wanamitindo kwenye theluji halisi ya milima ya Dolomites karibu na Cortina d'Ampezzo, wengine na kofia nene za kufumwa zinazoziba uso, wengine na magauni mepesi ya satini mapaja yakiwa nje. Mwili mmoja, vichwa viwili vya hali ya hewa. Nilijifunga kitenge zaidi kwa kuwatazama tu.

Ninachoshindwa kabisa kukitetea ni baridi ya vitambaa vya kuonyesha. Februari 2024 Anthony Vaccarello wa Saint Laurent alitoa mkusanyiko mzima karibu wote wa kitambaa chepesi cha soksi ndefu za nailoni, blauzi, sketi, vilemba, mwili wote hadharani, na akauita wa majira ya baridi. Ufundi upo, maana kitambaa hicho hupasuka kwa kukiangalia. Lakini tunajua kinakokwenda: mazulia mekundu, ambako nyota huvaa cha kukopeshwa usiku mmoja na kurudisha asubuhi. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Siku hizi hata haijaribu.

Wiki hiyohiyo, Paris hiyohiyo, kampuni ya mavazi ya The Row iliwakataza wageni wake kupiga picha kwenye onyesho lake. Kila mmoja akapewa daftari na penseli. Sisi wa mbali tukabaki tunasubiri picha za kampuni. Nilinung'unika kama wengine, kisha nikafikiri kwamba kama kuna nguo zinazodai kukatazwa simu ni makoti, maana simu huyadhulumu. Haiwezi kukuambia uzito. Njia pekee niliyonayo ni kutazama pindo: mwanamitindo akigeuka, pindo zito huchelewa nusu hatua, jepesi hugeuka naye. Ukizoea, unaweza kukisia koti lipi lina sufu ya kutosha na lipi limetengenezwa kwa ajili ya kamera. Bitana, ambayo ndiyo upande unaomgusa mvaaji, hata kwa ujanja huo huioni.

Ni Viktor & Rolf peke yao waliowahi kunionyesha ninachotaka. Mwaka 2010 walimsimamisha Kristen McMenamy kwenye jukwaa linalozunguka, amevalishwa koti juu ya koti mpaka akawa mnene kupita mlango. Wabunifu wenyewe wakaanza kumvua, moja baada ya jingine, na kila lililotoka wakamvisha mwanamitindo mwingine palepale, mbele ya watu. Mikono ilitafutwa, kola zikawekwa sawa, pande za ndani zikaonekana. Zilikuwa dakika chache ambazo makoti yalivuliwa na kuvaliwa, kazi ambayo maonyesho mengine yote huificha nyuma ya pazia. Anayetaka kunishawishi Februari ijayo aanzie hapo: amvue mwanamitindo wake koti, aligeuze, tulione ndani, kisha atuambie linagharimu kiasi gani.